Rimiksi ya sauti ya mama mkubwa: ananiambia nimemwacha na jembe juu

Fundi_Uyole

Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Naomba masikio yenu, hasa nyie mnaorekodi kwaya na nyie mnaopenda muziki tulivu wa elektroniki, ule usio na ngoma.

Mimi nipo Uyole, Mbeya. Mchana natengeneza simu, usiku nafanya muziki kwenye kompyuta. Mwezi wa nne nilikwenda Tukuyu kumsalimia mama mkubwa. Jioni ile mvua ilikuwa inapiga kweli kweli, tumekaa jikoni, maharage yako motoni, akaanza kuimba wimbo wa kupalilia waliokuwa wakiimba shambani yeye na wadogo zake kabla hawajaolewa. Nikamwomba aanze upya. Nikaegesha simu juu ya ndoo iliyofunikwa, hatua moja kutoka alipokaa, nikarekodi. Dakika 2 na sekunde 40, mistari 22, yeye peke yake. Sauti yake ni ya chini, ina ukwaruzo kidogo, na mwisho wa kila mstari anaishusha kama mtu anayetua mzigo taratibu.

Sikutaka kuuwekea biti. Nyimbo za aina hii nimezisikia zikiwekewa ngoma za klabu na kila mara naona kama mzee amevalishwa nguo za mjukuu. Nilitaka msikilizaji ajione amekaa mbali, ng'ambo ya bonde, ukungu umeshuka kutoka Rungwe, na sauti inamfikia.

Basi nikafanya hivi. Kwanza nikausafisha wimbo, nikaondoa kelele za mvua kwenye bati. Nikairefusha sauti kwa robo, mstari wa sekunde 4 ukawa wa sekunde 5. Nikaitenganisha mistari, kila mmoja unaanza baada ya sekunde 12, ili wimbo usiwe na haraka. Nikatia mwangwi mrefu wa sekunde 9. Chini yake nikaweka sauti ndefu za kinanda zinazobadilika polepole, na mvua tulivu niliyoipata kwenye maktaba ya sauti mtandaoni. Nikairudia mistari mpaka kazi nzima ikafika dakika 8. Nilikaa nayo wiki tatu.

Watu kumi na wanne wameshaisikiliza. Dereva wa bajaji wa pale Kabwe ameniambia kwa upole kwamba kwenye injini haisikiki chochote ila upepo. Rafiki yangu prodyuza anataka besi. Dada mmoja muuguzi aliisikiliza mara tatu kwa hedifoni akiwa zamu ya usiku, akaniandikia: "Kuna mahali dakika ya tano nilisikia kama mtu ananiita kutoka bondeni. Sikuelewa anasema nini, nikatamani kuelewa." Hayo maneno natembea nayo. Nilitaka aitwe, nikafaulu. Ila nilitaka pia aelewe anaambiwa nini.

Kilichonileta hapa ni mama mkubwa mwenyewe. Nilimpelekea Jumamosi iliyopita, nikamvalisha hedifoni. Mistari miwili ya kwanza alitikisa kichwa anatabasamu. Wa tatu nikaona anafungua mdomo anataka kupokea. Akasubiri. Akaanza, akakuta sauti yake mwenyewe bado inavuma masikioni, akanyamaza. Akajaribu tena mstari uliofuata, akachelewa, akanyamaza moja kwa moja. Akavua hedifoni akaziweka mapajani.

"Mwanangu, ni pazuri, kama kanisani. Lakini umeniacha na jembe juu."

Nikamwomba anieleze. Kumbe huu ni wimbo wa kupokezana. Mmoja anaanzisha, majembe yanashuka, wenzake wanapokea kwa muda wa majembe mawili, ndipo mwanzishaji anatia mstari mwingine. Jikoni siku ile alikuwa anaimba peke yake, lakini nafasi ya wadogo zake aliiacha wazi kila mara, sekunde 3 hivi, bila kuikosa hata mara moja. Mimi nilidhani anavuta pumzi. Nikaichukua nafasi hiyo nikaivuta, nikaijaza mwangwi.

Swali langu ni hili: nawezaje kuupa wimbo huu ule umbali, ule ukungu, bila kukalia nafasi ya wanaopokea? Au muziki wa namna hii haupatani kabisa na wimbo wa kupokezana? Niambieni ukweli. Faili nimeliweka hapo chini.

---

Bodaboda_Soweto

Mkuu mimi nimesikiliza kwa spika ya simu, sina hedifoni. Sauti ya mama mwanzoni ipo, ikifika kama dakika ya tatu inakuwa nyembamba halafu inapotea, nabaki na kitu kama mluzi. Nikadhani simu yangu mbovu, nikajaribu ya mke wangu, vilevile. Wimbo wenyewe mzuri. Mama anaimba vizuri sana.

---

Kihesa_Sauti

Kamwene kaka. Mimi nipo Iringa, Kihesa, narekodi kwaya mwaka wa kumi na moja sasa. Nimesikiliza faili lako mara nne, mbili kwa hedifoni, moja kwa spika za studio, moja kwa simu kwa sababu ya alichosema ndugu wa Soweto hapo juu.

Nianze na la huyo ndugu maana ni jepesi na ni la lazima. Nadhani kuanzia dakika ya tatu umeidurufu sauti ya mama, ukaweka nakala moja kushoto na nyingine kulia, ukapindua wimbi la upande mmoja ili sauti ionekane pana. Kwenye hedifoni inapendeza. Kwenye simu yenye spika moja, kushoto na kulia vinajumlishwa, na mawimbi yaliyopinduana yakikutana yanafutana. Ndiyo maana anapotea. Weka sauti yake katikati, nakala moja, usiiguse. Panua vinanda ukitaka. Kisha kila unapomaliza kazi isikilize kwa simu ya bei ndogo kuliko zote ulizonazo hapo kazini kwako. Spika ndogo vile haitoi besi ya maana, kwa hiyo chochote ulichokijenga kwenye besi, kwa wasikilizaji wako wengi hakipo.

Sasa jembe. Kaka, mama mkubwa amekupa ripoti ambayo mimi nisingeweza kukupa na vipimo vyangu vyote. Hebu tazama hesabu zako mwenyewe. Mstari sekunde 5, unarudi kila sekunde 12, kwa hiyo pengo ni sekunde 7. Mwangwi una mkia wa sekunde 9. Mkia ni mrefu kuliko pengo! Maana yake tangu anapofungua mdomo mstari wa kwanza hadi dakika ya nane hakuna hata sekunde moja ambayo sauti yake imenyamaza. Mpokeaji anaingilia wapi?

Mimi ningerudisha kwanza mwendo wake. Usirefushe sauti, usisogeze mistari. Sekunde 4 za kuimba, sekunde 3 za kupokea, kama alivyoimba. Ule mwendo si wako wala si wake, ni wa jembe.

Halafu kuhusu umbali. Watu wengi wanadhani umbali ni wingi wa mwangwi. Nenda kilimani asubuhi, Kilolo huku tuna mabonde ya kutosha, na huko kwenu yamejaa. Ita. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kilima kikiwa mita 170 mbele yako, sauti inakwenda na kurudi kwa sekunde 1. Neno lako fupi linakuwa limekwisha ndipo kilima kinajibu. Kinakusubiri umalize! Ndiyo maana tunasema kilima kinaitikia. Hapa Iringa mjini tuna jiwe linaitwa Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea, na kila nikipita pale nawaza hivyo hivyo, kwamba wazee waliona mwamba unaweza kuwa mtu wa kuongea naye.

Kwa hiyo usiipitishe sauti yake yote kwenye mwangwi. Iache kavu, karibu, maneno yasikike. Pitisha neno la mwisho tu la kila mstari, lile analolishusha. Chelewesha mwangwi wake kama nusu sekunde, uuanzie ukimya. Ukate uishe kabla ya sekunde ya tatu. Kwenye huo mwangwi ondoa besi yote chini ya 300 Hz, yaani mitetemo 300 kwa sekunde, na huku juu punguza kuanzia 5,000 Hz, kwa sababu sauti ya mbali inafika imepoteza ukali wa herufi kama "s". Hapo utakuwa na bonde, na bonde litakuwa linampokea mama kwa muda wa majembe mawili.

Vinanda vyako vyenyewe ni vizuri. Ila vishushe kila mama anapoimba. Kuna kifaa kwenye programu yako cha kuviamrisha vijishushe vyenyewe sauti nyingine inapoingia. Desibeli 3 au 4, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, zinatosha.

---

Mama_Itete

Mwanangu wa Uyole, mimi ni wa huko huko Rungwe, sasa naishi Mbeya mjini. Sijui mambo ya mitambo. Nataka kukuambia habari ya mvua.

Mvua uliyoweka siyo ya kwetu. Hiyo inanyesha juu ya majani, tena mvua ndogo. Mama anaimba yuko jikoni, nasikia moto unapasuka mara mbili mwanzoni, halafu nasikia mvua inanyesha msituni. Nikawa najiuliza huyu mama yuko wapi, yuko ndani au yuko nje? Mvua ya Tukuyu kwenye bati inakufanya upandishe sauti ukitaka kumwambia mtu kitu, na yeye nasikia amepandisha. Ukiondoa bati, anaonekana anapaza sauti bila sababu.

Wimbo wenyewe nimeufahamu. Sisi tuliuimba kwa maneno tofauti kidogo. Nilipokea nikiwa napika, na kweli nilikwama pale pale alipokwama mama yako. Mstari wa tatu.

---

Ukimya_Njombe

Ndugu, nimechelewa kuona mada hii, nilikuwa shambani. Mimi nasikiliza muziki huu tangu nikiwa chuo, na naomba nijibu lile swali lako la mwisho, kama unapatana na wimbo wa kupokezana. Unapatana. Tena nadhani wewe umeiga nusu ya mtindo na kuiacha nusu nyingine.

Brian Eno, Mwingereza aliyeufanya muziki huu ujulikane kwa jina la ambienti, alitoa albamu ya Music for Airports mwishoni mwa miaka ya 1970. Humo kuna kipande kilichotengenezwa kwa sauti za watu tu, noti mojamoja ndefu, kila noti kwenye tepu yake iliyounganishwa ncha kwa ncha ikawa mviringo. Tepu hazilingani urefu. Noti moja inarudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Kwa hiyo mara zinakutana, mara zinafuatana, mara hakuna kitu, na ukimya unakaa mbele yako mpaka sauti nyingine ije. Huo ukimya ndio watu wanaousahau wanapoiga. Wanadhani muziki tulivu ni muziki usiokatika. Wewe ulikuwa na mwimbaji aliyekuletea ukimya wake, umepimwa, mara 22. Ukautupa ukatengeneza wako.

Kwetu hapa pia limeshafanyika. Marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook wa Kanada mwaka 2002. Isikilize kwa kazi hii tu: angalia ni wapi Brook ananyamaza. Sauti ya Mzee Zawose inabaki na ukali wake wote, haijalazwa kwenye pamba.

Nakubaliana na mama wa Itete kuhusu mvua kuliko hata nilivyokubaliana na fundi wa Kihesa. Ulipoisafisha ile rekodi, programu ilikula na sauti. Sikiliza mstari wa 9 na wa 17 kwa makini, kuna mlio kama maji yanayozunguka ndani ya chupa. Hayo ni mabaki ya usafishaji. Mvua kwenye bati imeenea kuanzia chini mpaka juu kabisa, imelala juu ya sauti ya mama kote, huwezi kuibandua bila ngozi. Rudisha rekodi mbichi. Ile mvua iliyokuwa inakuudhi ndiyo kinanda chako. Ipo muda wote, haina mwanzo wala mwisho, inabadilika bila mtu kugundua. Ungekuwa nayo hiyo, hizo sauti za kinanda ungezipunguza nusu.

Jambo moja ambalo si la muziki. Je, mama mkubwa amekubali wimbo utoke hadharani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlindi mtunzi tu, inamlinda na mwimbaji, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Ukifika wakati wa kuuza, ulizia COSOTA kwanza, wale wa hakimiliki Tanzania. Lakini hata kabla ya sheria, muulize, na jina lake litangulie lako.

---

Bodaboda_Soweto

Mimi nimeelewa sasa kwa nini nilikuwa naona wimbo haunipi nafasi. Sikuwa na neno la kulisemea.

---

Fundi_Uyole

Wakuu, mama yangu wa Itete shikamoo, fundi wa Kihesa na ndugu wa Njombe asanteni. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi. Niwaeleze nilipofika.

Fundi, ulibashiri sawasawa, nilipindua wimbi la upande wa kulia. Nimeondoa. Nimeisikiliza kwa simu ya batani niliyoletewa na mteja, mama yupo mwanzo hadi mwisho.

Ndugu wa Njombe, ule mlio wa chupa nilikuwa nausikia wiki zote tatu, nikajiambia mtu mwingine hatausikia. Nimerudi kwenye rekodi mbichi. Siku ya kwanza ile mvua ilinitisha, ni kubwa. Ya pili nikazima vinanda vyote nikaisikiliza yenyewe na mama tu, taa nimezima, na nikaona nilivyokuwa nimeharibu. Kuna mahali mvua inapungua mistari minne hivi halafu inarudi kwa nguvu, na yeye anapunguza na kuongeza sauti pamoja nayo. Vinanda vimebaki viwili tu, vinaingia mvua inapopungua, vinatoka inaporudi.

Mwendo nimeurudisha wa kwake, 4 kwa 3. Mwangwi nimeuweka kwenye neno la mwisho peke yake. Nusu sekunde uliyosema ilikuwa ndogo kwa wimbo huu, ilikuwa inakanyaga mkia wa sauti yake. Nimeweka 0.8. Unaisha kwenye sekunde 2 na nusu, inabaki nusu sekunde tupu, mvua tu, ndipo anaanza tena. Wimbo mzima unaimbwa mara mbili, kazi imekuwa ya dakika 5 na sekunde 20 badala ya 8. Nilihuzunika kidogo kuikata.

Jana nilipanda Hiace ya asubuhi kwenda Tukuyu. Kuanzia Isyonje ukungu mtupu, dereva amewasha taa. Nikamkuta mama mkubwa anachambua mboga barazani. Kabla ya hedifoni nikamuuliza habari ya kuutoa wimbo hadharani. Akafikiri. Akasema wimbo si wake peke yake, niwaulize na wadogo zake. Waliobaki ni mmoja, mama mdogo yupo Kyela. Tukampigia hapo hapo. Akacheka sana kusikia kwamba dada yake bado anaukumbuka, akasema sawa, ila na yeye niende nikamrekodi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapokea kwanza. Mwezi ujao naenda. Hadi nimpate, nafasi zake zinabaki wazi kama mnavyozisikia kwenye faili jipya.

Halafu nikamvalisha hedifoni.

Mstari wa kwanza alipokea kwa sauti ndogo, kama anajaribu maji kwa kidole. Wa pili kwa sauti kamili. Kufika wa tano mkono wake wa kulia ulikuwa unashuka gotini mara mbili, unapanda, unashuka mara mbili, na mboga bado ameshika. Mimi sikuwa nasikia kilichomo kwenye hedifoni, nilikuwa nasikia zile sehemu zake za kupokea tu, zinakuja kila baada ya muda ule ule, na nikajua kabisa mstari uko wapi bila kuusikia.

Mstari wa 14 akakosea. Akasimama, akaniangalia.

"Hapa umepunguza jembe moja."

Nikabisha, kwa heshima. Nikamwambia mama, sijapunguza kitu, safari hii nimeacha vyote kama ulivyoimba. Akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha, akakosea tena pale pale. Ndipo nikakumbuka. Baada ya mstari wa 13 alikohoa, siku ya kwanza kabisa nilikikata kile kikohozi nikaunganisha, na nakala niliyokuwa naiita mbichi ilikuwa tayari imekatwa. Sekunde 1 na nusu. Jembe moja kamili.

Usiku huu nimelitafuta faili la kwanza kwenye memori kadi, nimelipata, nimerudisha kikohozi mahali pake, mara zote mbili. Faili jipya ndilo lipo hapo juu sasa. Mama wa Itete, nakuomba upokee tena ukiwa unapika, uniambie kama unakwama popote. Na fundi, usikilize mstari wa 14: neno la mwisho la wa 13 mwangwi wake unaangukia juu ya kikohozi, sijajua kama niukate mapema au niuache.